Kwaya ya Mwalimu Jovithe Siku ya Konkuru

Mwalimu Jovithe wa Ngagara, hapa Bujumbura, alikuwa na suruali moja ya kazi na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Asubuhi alifundisha darasa la sita, jioni alituongoza sisi kwaya ya parokia, na kote alikuwa mkali sawasawa. Mke hakuwa naye. Tulimtafutia mpaka tukachoka.

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Risasi zikilia upande wa Kamenge, shule inafungwa. Zikinyamaza, inafunguliwa, naye anaanza tena desimali pale alipoziachia. Matokeo yake, miaka miwili hakuna mtoto wake hata mmoja aliyepita konkuru, ule mtihani wa kuingia sekondari. Direktrisi wa shule, Mama Spéciose, akamwambia mbele ya wenzake:

“Jovithe, mwaka huu wakikosa tena, utashuka darasa la kwanza. Utafundisha watoto kupangusa kamasi.”

Kwa mwalimu wa la sita, hiyo ni sawa na padri kuambiwa akapige kengele.

Sasa, mtu mwaminifu akiamua kuiba, anaiba kwa kelele. Majibu ya konkuru yalikuwa ya kuchagua: A, B, C au D. Na kwaya ina sauti nne. Soprano wakiimba peke yao, jibu ni A; alto, B; tenori, C; besi, D. Watoto aliwafundisha hayo wiki nzima. Sisi waimbaji hatukuambiwa kitu. Alituita tu asubuhi ya mtihani, uani kwa parokia, ukuta kwa ukuta na shule, eti mazoezi ya harusi. Msimamizi wa chumba, rafiki yake Libère, akadondosha karatasi ya maswali dirishani, naye akaificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

“Soprano peke yao!”

Soprano wakaimba. Swali la kwanza likapita.

“Sasa tenori peke yao!”

Tenori wakaanza. Lakini jamani, ni kwaya gani ya Bujumbura itasikia sauti moja inahangaika, ikae kimya? Besi wakaingia kuwabeba. Mimi alto nikaingia, maana tenori walishaanza kuteleza. Soprano hao nao. Wamama wa maparachichi barabarani wakapiga makofi, mmoja akapiga vigelegele.

“Tenori, nimesema!” Jasho linamtiririka.

“Mwalimu, unataka tuwaache waimbe kama mayatima?” nikamuuliza.

“Mama Annick, nyamaza!”

“Ninyamaze kwa wimbo wa harusi? We ulioa lini, ukajua harusi inaimbwaje?”

Kwaya ikacheka, ikapandisha sauti zaidi.

Wakati wa mapumziko, Elsa, msichana mmoja wa darasa lake, akaja ukutani amekunja uso.

“Mwalimu, apana. Mi nasikia A, B, C na D zote pamoja. Hata hesabu yangu mwenyewe siisikii mu kichwa.”

“Ni hawa wamama, Elsa. Nitawapanga.”

“Musiwapange. Munyamaze. Tulisoma.”

“Na mukikosa?”

“Tutakosa sisi wenyewe.”

Hapo ndipo tulipojua kwamba hatukuwa tunaimba, tulikuwa tunaiba. Nilimwambia Mwalimu maneno ambayo siyaandiki hapa. Yeye alikaa juu ya ngoma, kimya. Mtu huyo kunyamaza ni kama mto Ntahangwa kusimama wakati wa mvua. Mwishowe akafunga kitabu.

“Muende nyumbani,” akatuambia.

Akabaki pale peke yake, mkono mdomoni, mpaka watoto wakatoka.

Matokeo yalipokuja, saba walikuwa wamepita. Si wengi, lakini tulicheza barabarani kama tumeshinda kombe. Mama Spéciose alimpa Jovithe mkono, halafu akamvuta pembeni.

“La sita unabaki nalo. Lakini inspekta ananiuliza kitu. Swali la kwanza, lile la bei ya maharagwe, darasa zima limeandika A. Wote! Na jibu ni C. Uliwafundisha nini, Jovithe?”

Jovithe akatazama juu. Hesabu ile aliifanya yeye mwenyewe, mbiombio, katikati ya wimbo.

“Hiyo, Mama,” akasema, “hiyo naenda kuirudilia.”

Na aliirudilia. Mwaka mzima uliofuata, nikipita chini ya dirisha lake na beseni langu kichwani, nilikuwa nasikia bei ya maharagwe.