Hapandi Asosukuma

Juma lililopita nilipeleka foronya kwenye nyumba moja ya wageni hapa Lamu mjini, maana kushona ndiyo kazi yangu, nikamkuta punda wetu amesimama uani. Nasema punda wa mbao, ndugu yangu, yule aliyekatika sikio la kushoto. Wamempaka vanishi, wamemwekea chungu cha maua mgongoni. Nilimjua kwa lile sikio kwa sababu mimi ndiye niliyelivunja. Nikatua mzigo wangu, nikamsukuma kidogo kwa kiganja, mazoea tu ya zamani. Hakutikisika. Wamemsimika kwa saruji miguu yote minne. Msichana anayefanya kazi pale akaniambia kwa upole, "Usimshike, Bi, huyo ni wa kuangaliwa tu." Nilitoka hata sikuaga, nikaenda kukaa kwenye baraza ya watu nisiowajua.

Sasa wewe utaniuliza, punda wa mbao ndiye wa kumliza mtu mzima mwenye wajukuu? Kaa kitako nikwambie alikotoka.

Mimi nilizaliwa Faza. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi, na miezi ambayo hapakuwa na chombo cha kuunda alikuwa hawezi kukaa bure. Mabaki ya mbao aliyageuza michezo. Alianza na pembea za kamba, akaja na gurudumu kubwa la kupandia watoto, lenye masanduku manne yanayokwenda juu na kushuka. Mwisho akachonga punda saba, akawapanga kwenye duara linalozunguka nguzo moja nene. Alipofariki, vitu vile vyote viliangukia fungu la bibi. Kiwanja penyewe bibi aliazimwa na jirani mwenye ardhi, kwa mdomo tu, kama watu walivyokuwa wakiazimana zamani. Sisi watoto tulipaita Uwanja wa Punda, na siku tatu za Idd hapakuwa na mahali pengine duniani. Walikuja watoto wa Siyu kwa miguu, wakaja wa Kizingitini, wengine wakavushwa na baba zao kutoka Kililana, nguo mpya zimekunjwa kwenye mfuko zisirushiwe maji.

Hapakuwa na mashine. Kila kitu kilizungushwa kwa mikono, na bibi alikuwa na sharti moja tu. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, buibui amelikusanya mapajani, na kila mtoto aliyeingia alimwambia, "Hapandi asosukuma." Ukitaka mzunguko mmoja wa punda, kwanza uwasukume wenzako mizunguko mitatu. Mtoto wa mkubwa wa serikali alisukuma, mtoto wa mchukuzi alisukuma. Aliyekuwa hawezi kusukuma, kwa udogo au kwa ugonjwa, alitakiwa aweke mkono wake juu ya ubao hivyo hivyo, atembee na wenzake. Bibi alisema huo nao ni msukumo.

Kazi yangu ilikuwa mkesha wa Idd. Nilikosha punda wote saba, nikawapaka chokaa, halafu nikapaka ekseli ya gurudumu sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi. Sijui kama umewahi kunusa sifa. Ikikuingia kucha haikutoki siku mbili, kwa hivyo mimi kila Idd nilikuwa na hina mkononi, asumini kichwani, na uvundo wa papa juu yake. Wenzangu walinicheka. Lakini gurudumu lilipoanza kulia ile sauti yake, kwiii, kisha kunyamaza kwa sababu mafuta yamekolea, nilijiona mimi ndiye mwenye Idd. Kando kulikuwa na mama wa kaimati, karai lake linachemka, na jirani yetu mmoja, rafiki mkubwa wa bibi, akiuza achari ya embe iliyotuchoma midomo na bado tukarudi kununua nyingine. Mwaka niliovunja sikio la punda nilidhani nitapigwa. Bibi akaliokota, akalitazama, akasema, "Afadhali. Sasa atasikia nusu ya matusi yenu."

Nilipokuwa na miaka tisa, bibi alianza kuugua kifua. Siku moja baada ya alasiri akaniita chumbani. Jirani yule wa achari alikuwa amekaa naye. "Ndoo hapa, uje na ubao wako wa chuoni," akaniambia. Bibi hakujua kuandika. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika kalamu ya tete na wino wa masizi, na maalim wetu wa Kurani alikuwa akinisifu mwandiko. Akaniambia niandike juu kabisa Bismillahi na aya moja fupi, kisha niandike maneno yake. Nayakumbuka kama nilivyoyaandika. Kwamba ameweka wakfu punda wake saba, na gurudumu, na pembea, kwa watoto wa nti hii na wageni wao. Visiuzwe, visirithiwe, mpaka mbao zenyewe zichoke. Ulimi wangu ulikuwa nje kwa bidii. Bibi akasema maalim atakuja Ijumaa ayanakili kwenye karatasi, na watu watie saini. Ubao ukasimamishwa ukutani kungoja Ijumaa.

Jumatano bibi akazidiwa. Nilimsikia usiku kucha akivuta pumzi kama mtu anayekokota kitu kizito. Asubuhi watu wazima walitoka kutafuta dawa, jirani akaenda kwake mara moja kuwapa wanawe chai, nikabaki naye peke yangu.

Wewe ukilelewa kwetu unajua kombe ni nini. Mgonjwa huandikiwa maneno ya Mungu kwa zafarani kwenye sahani, yakakoshwa kwa maji, akanyweshwa. Nilikwisha kuona watu wakiinuka kwa kombe. Mimi zafarani sikuwa nayo, na sahani nyeupe ilikuwa juu kabatini. Lakini ubao ulikuwa pale ukutani, una Bismillahi, una aya, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikauchukua. Nikaumwagia maji ya mtungi, nikausugua kwa vidole mpaka herufi ya mwisho ikatoka, maji yakaingia bakulini yakiwa meusi. Nikamwinua kichwa bibi, nikamwambia, "Bibi, kunywa." Akanitazama, akatazama bakuli, akanywa. Sijui kama alijua anakunywa nini. Alisema "Ahsante, mwanangu," akalala.

Alfajiri ya Ijumaa akafa.

Niliufunga ubao ule kwa kitambaa, nikauficha chini ya godoro, na mdomo wangu nikaufunga pia. Hakuna aliyenijia hata mara moja kuniuliza. Jirani alidhani maalim aliuchukua akanakili. Maalim hakupata kuuona ubao, akadhani jambo liliahirishwa na mauti. Mimi nilikuwa na hofu nyingine kabisa. Niliamini nimemuua. Niliamini nimechanganya maneno ya Mungu na maneno ya mbao na magurudumu, nikamnywesha mgonjwa, na Mungu amenionyesha. Umri ulivyokwenda akili iliniambia masizi kidogo hayaui mtu, kifua ndicho kilichomuua. Akili husema yake. Miaka arubaini na zaidi sikuwahi kunywa kombe, na watoto wangu sikuwanywesha.

Uwanja ukaendelea wenyewe. Jirani alikaa kwenye kigoda, akafa, akakaa mwingine. Mbao za punda zilipooza mafundi walizibadilisha bila kuombwa. Kila mtu Faza alijua ule ni wakfu kwa jinsi unavyojua mlango wa kwenu unafungukia wapi. Nami nilijifariji hivyo. Nilijiambia, maneno yameingia tumboni mwa bibi, lakini watu wanayafuata. Nikaolewa Lamu, na kila Idd nilirudi na watoto, wakasukuma, wakapanda.

Lakini tangu bandari mpya ijengwe ng'ambo, kila penye mchanga mtupu pamepata mwenyewe. Warithi wa yule aliyetuazima ardhi walikuja wakazungusha mabati, wakatia kufuli. Walisema kiwanja ni chao, na kilichochimbiwa ndani ya kiwanja ni chao pia, kwa hivyo gurudumu ni lao. Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, akasema basi punda hawakuchimbiwa, punda ni mirathi ya mama yake, naye amekwisha kupata mnunuzi. Vijana wa mtaa wakasema ni wakfu. Wakaulizwa hati iko wapi. Hapo vijana wakanipigia simu: "Bi, wewe ndiwe uliyekuwa ukikaa naye. Hakuna kitu alichoacha?"

Niliutoa ubao sandukuni. Nikapanda mashua, nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Kikao cha suluhu kiliwekwa katika darasa la skuli. Wazee watatu mbele, ami upande huu, wenye ardhi upande ule, na sisi wengine tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mzee wa kikao akaniita. Nikafungua kitambaa, nikampa ubao. Akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule. Katika pembe ya juu pana alama ndogo nyeusi. Yaweza kuwa ile herufi baa ya Bismillahi, yaweza kuwa uchafu.

"Huu ni mtupu, Bi," akasema.

"Najua," nikasema. "Mimi ndiye niliyeukosha." Nikasimulia kila kitu, kama nilivyokusimulia wewe. Sauti ilinitoka ndogo, ya mtoto wa miaka tisa. Nilisema na maneno yenyewe, visiuzwe, visirithiwe. Nilimtazama ami. Nilidhani atanibishia habari ya punda.

Ami akainuka. Mzee wa miaka sabini na kitu, ameegemea fimbo. Akauliza, "Ulimnywesha nini mama yangu?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza miaka yote kwa ajili ya swali hilo, naye hakuyangoja. Akatoka nje, na hajasema nami mpaka leo.

Yule mzee wa kikao alinirudishia ubao kwa mikono miwili. "Bi," akasema, "mimi nilipanda punda hao, na moyo wangu wakuamini. Lakini shahidi ni mmoja, na siku ile alikuwa mtoto. Yeo nikihukumu kwa moyo wangu, kesho mwingine atahukumu kwa moyo wake." Alikuwa anasema kweli, na kweli yake ilinimaliza. Ningalisema nikiwa na miaka kumi, jirani yu hai, maalim yu hai, ingalikuwapo karatasi yenye saini. Nilinyamaza kwa kumwogopa marehemu, nikaja kusema wakati hakuna aliyebaki wa kunisaidia. Kawia ufike, wanasema. Mimi nilikawia, na sikufika.

Wakagawana. Wenye ardhi walilikata gurudumu kwa msumeno siku ile ile. Nguzo zake sasa zimeshikilia paa la stoo. Punda walipakiwa mkokotenini wapelekwe gatini, wamelazwa ubavu, miguu imeelekea kwa watu. Nilisimama njiani nitazame, kwa nini sijui, labda nilitaka kuadhibiwa. Walipofika penye mchanga mwingi magurudumu ya mkokoteni yakazama. Wachukuzi wakatukana, wakaita watu.

Watoto ndio waliokuja mbio. Walikuwa wamekaa kando ya mabati toka asubuhi, kundi zima, na walipoona punda wamekwama hawakungoja kuombwa. Walipanga mabega yao kama walivyofundishwa na mama zao, ambao walifundishwa na mama zao, ambao walifundishwa na bibi yangu kwenye kigoda. Wakubwa nyuma, wadogo pembeni. Mmoja, kisichana cha kama miaka sita, alikuwa hafikii, akaweka tu kiganja chake juu ya punda asiye na sikio, akawa anatembea.

Nami nikasukuma. Nisingeweza kusimama nikiwatazama. Nilitia bega langu pale pale nilipokuwa nikitia nilipokuwa mdogo, na Mungu anisamehe, mkokoteni ukachomoka, ukaenda mpaka gatini.

Kile kisichana kikanitazama, jasho linakitiririka, kinacheka.

"Bi, tumesukuma," kikasema. "Sasa twapanda?"

Wachukuzi walikuwa mbele wameshaanza kushusha punda wa kwanza gatini. Nilitazama pembeni.

"Bado, mwanangu," nikamwambia. "Ngoja kidogo."

Sijarudi Faza tangu siku hiyo. Idd mbili zimepita nikila hapa hapa Lamu, na watu wangu wanadhani namkimbia ami. Ami simkimbii, akitaka kunipiga na anipige. Namkimbia yule mtoto, maana nilimwambia angoje, na mimi najua watoto wa kwetu walivyo, wakiambiwa wangoje, hungoja.