Filamu Zisizo na Stelingi

Baba mdogo wangu anaitwa Redio. Hata bibi yangu, aliyemzaa na kumpa jina lingine, siku hizi anamwita hivyo hivyo. Kazi yake ni kutafsiri filamu, na hatafsiri kwa kalamu. Hukaa pembeni ya runinga kubwa ndani ya banda lake la mabati, maiki mkononi, na filamu ya mapigano inapoendelea kwa lugha yake, yeye huzungumza juu yake kwa Kiswahili. Anakuwa stelingi, yule shujaa wa filamu, anakuwa adui, anakuwa mama wa stelingi anayelia, na ikibidi anakuwa gari. Wateja wengi hawaji kutazama filamu, wanakuja kumsikiliza Redio. Filamu hiyo hiyo ikiwekwa bila yeye, wanakula kona.

Mwaka niliomaliza chuo, sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akajifunga shali shingoni na kuendelea kupiga bunduki kwa mdomo kila jioni. Alipofika mahali pa kusikika kama mlango wenye kutu, Mama mdogo, mkewe, ambaye ndiye hukaa mlangoni kupokea wateja, alimkokota hospitali. Mimi niliwasindikiza.

Daktari alimpitishia puani kijibomba chenye kamera, kisha akatuonyesha kwenye skrini. Nyuzi za sauti zilikuwa zimeota vinundu, kama sugu za kiganja cha mkulima.

"Kuongea kwa kawaida ruksa," alisema daktari, "lakini si kwa muda mrefu, na kelele marufuku. Ukiendelea hivi, mzee, utabaki unatoa hewa tu. Kwani unafanya kazi gani?"

"Anaongea," Mama mdogo akajibu.

"Mwalimu?"

"Afadhali angekuwa mwalimu. Mwalimu hulipuka mara moja kwa siku. Huyu hulipuka na kila bomu."

Nyumbani Baba mdogo alijitupa kwenye kochi akatazama ukuta. "Nikinyamaza, banda limekufa," alisema. "Sijui kazi nyingine mimi. Mnataka nikauze vitunguu kwa ishara?"

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya filamu fupi za Ulaya. Chuoni nilikuwa mwanachama wa kikundi cha watazamaji, na nilikuwa nazo kadhaa kwenye flashi, za nchi mbalimbali, ambazo wenyewe walituruhusu kuzionyesha popote. Nikiri kwamba mwanzoni hazikunivutia. Nilizoea filamu inayonishika mkono na kunionyesha wa kumpenda na wa kumchukia. Hizi huanza katikati ya jambo na kukatika kabla hujakaa sawa. Mtu anamenya kiazi, na kamera inamsubiri amalize. Mvua inanyesha na hakuna anayeuawa ndani yake. Lakini baada ya kutazama kadhaa, nilijikuta nikiwa dukani naangalia uso wa mtu anayesubiri chenji, nikijiuliza ametoka wapi na anamrudia nani. Filamu za mapigano hazijawahi kunifanyia hivyo. Na jambo lililonileta kwa Baba mdogo ni hili: nyingi hazina maneno kabisa.

"Inachukua muda gani?" aliuliza nilipoichomeka ya kwanza.

"Dakika tisa."

"Dakika tisa! Hiyo ni filamu au tangazo la sabuni?"

Ilikuwa hadithi ya lifti katika jengo kuukuu. Anaingia mwanamume mwenye boksi, anaingia mwanamke mwenye ndoo na ufagio. Ni majirani walionuniana. Unajua kwa jinsi kila mmoja anavyotazama ukuta wake. Lifti inakwama. Hawasemi kitu. Baba mdogo alitazama akiwa amekunja uso.

"Stelingi ni yupi?"

"Hakuna."

"Adui?"

"Hakuna, Baba mdogo."

"Sasa humo ndani wanatafuta nini?"

Hata hivyo alikubali kujaribu Jumapili alasiri, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Tulipatana kwamba angesema maneno machache mwanzoni, aweke maiki chini, filamu ijiendeshe yenyewe. Wateja hakuwaambia habari ya koo. "Wakijua naumwa, watahama kabla sijafa," alisema.

Jumapili hiyo mabenchi yalijaa. Alikaribisha watu, akanyamaza, nikawasha. Mabenchi yalilia, mtu akakohoa. Kisha muuza nyama wa mtaani kwetu, ambaye hukaa mbele siku zote na hajawahi kufunga mdomo wake bure, akageuka.

"Redio! Umeme wa mdomo umekatika?"

Watu wakaangua kicheko. Niliona mkono wa Baba mdogo ukienda kwenye maiki kama mkono wa mtu mwenye njaa unavyoenda kwenye sahani.

"Hapa jamaa anamwambia mama, 'Tulia hivyo hivyo! Ndani ya boksi hili kuna bomu!'"

Banda lililipuka kwa shangwe. Naye akapata moto. Mwanamume akawa jambazi sugu, mwanamke akawa askari kanzu, ufagio ukawa bunduki iliyofichwa. Watu walipiga miguu sakafuni. Alipandisha sauti, akapandisha tena, hadi mwanamke wa kwenye lifti alipolisogelea boksi, naye Baba mdogo akapiga ukelele, "Usiguse!"

Sauti ikakatika hapo hapo. Alijaribu tena. Kwenye spika ilisikika hewa tu, kama tairi linalopoteza upepo.

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Ndipo Mama mdogo alipoinuka mlangoni.

"Acheni kucheka. Koo linamuuma. Daktari amemkataza, na yeye mkaidi."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mtu mzima amefedheheka vile mbele za watu. Nilidhani ndiyo basi, kwamba wangeinuka mmoja mmoja na banda lingeishia hapo. Lakini hakuna aliyekumbuka kuizima filamu, na katika ukimya ule muuza nyama akasema taratibu, "Oneni, yule mama anataka kucheka."

Kweli. Midomo ya mwanamke ilikuwa inacheza. Watu wakainama mbele. Lifti ikatikisika, ikaanza kushuka, mlango ukafunguka, mwanamume akatoka. Mlango ulipokuwa unafunga, tuliona boksi limebaki mikononi mwa mwanamke. Ikaisha.

"Bomu liko wapi?" mtu akauliza.

"Bomu gani? Keki hiyo. Nimeona krimu pembeni."

"Amemwachia, ndiyo kuomba msamaha."

"Msamaha wapi! Amelisahau."

"Mwanamume asahau keki? Wewe umeoa kweli?"

"Kwani aliyekosa ni nani kati yao?"

Walibishana hivyo hadi muuza nyama alipopiga benchi kwa kiganja. "Binti, rudisha mwanzo. Na safari hii mtu asiguse maiki."

Tukaitazama upya. Safari hii hakukohoa mtu.

Sitaficha kwamba baadhi ya vijana walihamia banda la jirani kufuata mapigano, na hawajarudi. Lakini wameanza kuja akina mama wa mtaani ambao zamani walipita wakiziba masikio, na hao wakishakaa hawaondoki bila kumaliza ubishi. Mama mdogo naye ameiacha zamu ya mlangoni, anakaa ndani. Daktari amemchungulia Baba mdogo tena: vinundu bado vipo, ila vimenywea, na sauti imerudi, ya chini, yenye mchanga kidogo.

Kazi yake sasa ni nyingine, na anaihangaikia kuliko ile ya kwanza. Huiweka filamu nyumbani, huirudia na kuirudia, akitafuta sentensi moja ya kuwaambia watu kabla haijaanza. Moja tu, isiyotoboa siri. Jumamosi iliyopita chai ilimpoa kwa ajili ya mwanamke mmoja wa milimani, anayepandisha mteremko wa theluji na mlango wa mbao mgongoni.

Jumapili alisimama mbele ya watu. "Mama huyu amebeba mlango," alisema kwa ile sauti yake mpya. "Msihangaike naye. Uangalieni mlango."

Akazima maiki, akaja kwenye benchi la mbele.

"Sogea," alimwambia muuza nyama.

"Pale kwako kuna nini?"

"Pale naonea upande. Miaka yote hii sijaona filamu uso kwa uso."

Muuza nyama akamsogelea jirani yake, wakabanana. Kwenye skrini mwanamke aliteleza, akapiga goti, mlango ukamlalia. Banda zima lilivuta pumzi.

"Redio, niambie mimi tu," muuza nyama akanong'ona. "Anafika?"

Baba mdogo aliijua filamu ile mwanzo hadi mwisho. Alibana midomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na hakutoa neno.