Kipande cha Chini ya Kiti

Miaka yote ninayoyeyusha alumini hapa Kavimvira, sijapata kuichukia kazi kama ile ya baiskeli ya dada yangu.

Dada alivunjika mgongo lori lilipopinduka barabara ya Sange, na tangu hapo miguu yake haisikii kitu. Anavusha mizigo ya watu mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu yenye betri na mota. Chini ya kiti kuna kipande kinachoishika mota na hapohapo kupitisha umeme. Kile cha shaba kilipokatika, aliniomba nimsubie cha alumini, kiwe chepesi, betri isichoke upesi.

Nikafanya kama tunavyofanya mafundi sufuria wote: nikayeyusha pistoni kuukuu. Pistoni haina taabu, inatiririka na kujaza kila kona ya kalibu. Kipande kilitoka laini, nikakigonga, kikalia vizuri, nikaridhika, maana sisi kazi tunaipima kwa mlio. Kumbe sufuria na njia ya umeme ni mambo mawili. Umeme ulipita humo kwa shida, kikapata moto. Dada alinusa nyama ikiungua, akadhani ni mishikaki ya kando ya barabara. Lilikuwa paja lake. Alipokifunua kile kidonda, nililia mbele ya wateja.

Mafundi wa umeme wakanipa mabaki ya nyaya. Alumini ya nyaya haijachanganywa kama ya pistoni, inapitisha umeme vizuri, lakini ni kaidi ajabu: inakuwa nzito kama uji, inaganda kabla ya kufika pembeni, na ikipoa inajivuta na kupasuka. Niliharibu kimoja baada ya kingine, nikatukana mpaka mke wangu akawaondoa watoto uani. Mwishowe niliipasha kalibu moto kwanza, nikamimina kupitia upande mnene. Kikajaa. Lakini karibu na tundu la bolti kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Tulikifunga, tukaizungusha mota muda mrefu. Dada akaniambia niweke mkono. Kilikuwa na uvuguvugu tu. Hata hivyo nilichukua spana nikifungue, nikamwambia nitasubu kingine, hiki kitakatika siku moja akiwa na mzigo. Akanishika mkono.

"Ikipasuka, nitabakia mu njia, bantu batanisukuma," akasema. "Ikinichoma kama ile ya kwanza, miye sitasikia."