Siku ya Ruracio Banda Lilipofungwa

Asubuhi ya ruracio yangu, wakwe wakitarajiwa kwetu Ngoingwa kuleta mahari, shangazi yangu alilifunga banda la kuku. Alisema wageni hawatakula pilau na harufu ya mbolea puani. Akashusha mapazia ya magunia pande zote na kuyakaza kwa kamba hadi juu, akaziba hata ule mwanya wa chini ya mabati ambao mama hakuwahi kuuziba, hata Julai ya baridi kali.

"Na watapumulia wapi?" mama akauliza.

"Ni kidogo tu. Wageni wakienda tunafungua."

Mama akarudi kwenye pilau. Ni mjane, na siku hiyo hakutaka ubishi na dada wa baba. Lakini kila akipita karibu na banda alitega sikio.

Wageni walichelewa, kama kawaida yao, na jua likapanda. Baada ya hotuba ndefu tukafunikwa leso sisi wasichana, kichwani hadi miguuni, tukapangwa mstari ili bwana harusi amtambue wake. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka.

Chini ya leso hakukuwa na hewa. Pumzi yangu ilinirudia usoni, ya moto, yenye maji, kitambaa kikaninata puani. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Kuku hatoi jasho, mama aliniambia nikiwa mdogo. Joto lake hulitoa kwa kuhema, na kila pumzi hutoka na maji. Banda zima lilikuwa likihema ndani ya magunia. Nikasikiliza. Kuku wa mayai hawanyamazi mchana, lakini hawa walikuwa kimya.

Nikitoka, nimemwaibisha mama mbele ya wakwe. Nikibaki, mimi nitaolewa niende zangu, naye atabaki na banda la mizoga.

Nikaifunua leso usoni, nikakimbia hadi bandani nayo ikiwa bado kichwani. Mtu alicheka nyuma yangu, kisha akaacha. Fundo la kamba likanishinda, nikalifungua kwa meno. Gunia lilipoanguka, mvuke ulinipiga usoni ukanichoma macho. Mabati yalikuwa yakidondosha maji na maranda sakafuni yamelowa. Kuku walikuwa wamejitandaza chini, midomo wazi, mabawa mbali na mwili. Wengine walilala ubavu na niliogopa kuwagusa.

Mama alishafika upande wa pili, akikata kamba kwa kisu cha keki.

Shangazi akaja mbio. "Rudi kwa line, wewe. Wageni wanangoja."

"Wacha wangoje," mama akasema bila kugeuka. "Kuku hawa ndio wamemsomesha huyu."

Akamwokota kuku mmoja aliyelegea shingo, akampeleka mlangoni penye upepo. Tukasimama tukimtazama, mimi na shangazi, na wakwe nyuma yetu. Kuku akafumbua jicho, na mama akaanza kulia.