Kwarara wa Sarla

Sarla aliuza vitambaa Keroka. Mwaka 1994 lori lilimvunja kwarara bawa mbele ya duka lake, naye akamtunza uani, akimchimbulia minyoo kwa mikono yake, yeye asiyekula nyama.

Keval, ndugu wa marehemu mumewe Arvind, alipomwona ndege huyo alikunja uso, akamwambia shemeji yake:

"Bhabhi, daktari wa mifugo amesema hataruka tena. Mpe mtu amchinje."

Sarla akatupa mkasi mezani. "Arvind alipopooza uliniambia nimfiche chumba cha nyuma, wateja wasimwone. Nikakutii, akafia huko! Leo sikutii. Huyu anakaa."

Keval akaondoka bila kunywa chai. Sarla akamhamishia kwarara dukani. Mteja aliyelalamikia kinyesi alielekezwa duka jingine.