Mwaringa na Tairi za Nyasi za Hoteli

Mwaringa wa Tezo aliipenda trekta yake hata akawa anaipaka mafuta ya nazi. Aliwalimia watu mashamba, na kila Jumapili kabla ya ibada aliiosha, akaifuta, akaizunguka akiitazama. Mkewe, Kabibi, alisema yeye siku ya harusi yake hakutazamwa vile.

Mwaka huu tairi za nyuma ziliota kipara, na masika yalikuwa mlangoni. Wakaenda Malindi kwa Salmin, muuza vipuri.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama," Salmin akawapokea, akawaonyesha tairi za meno marefu, manene, yaliyoachana. "Hizi ndizo za kulimia. Zinauma udongo, na matope yanadondoka yenyewe."

Lakini macho ya Mwaringa yalikwisha kuhamia pembeni, kwenye jozi pana, nyeusi ti, yenye vijino vifupi vilivyobanana kama punje za mahindi.

"Na zile?"

"Zile ni za trekta za hoteli, mzee, za kukatia nyasi. Zimefanywa laini makusudi, zisiumize nyasi."

"Kwani nyasi za Tezo zimekosa nini hata ziumizwe?"

"Baba Kiponda," Kabibi akamwambia mumewe, "unakwenda kulima au kuposa?"

Mwaringa akazinunua zile zile. Juu ya lami trekta iliteleza kama iko kwenye zulia, naye akapita akisalimia hata watu asiowajua.

Mvua ikanyesha. Kazi ya kwanza ilikuwa shamba la mteja wake Gladys, bondeni, kwenye udongo mweusi wa kunata. Kabla hajamaliza mfuo mmoja, matope yalijaza vile vijino vyote, tairi zikawa laini kama mitungi. Zikazunguka pale pale.

"Mbona husogei?" Gladys akauliza.

"Nalainisha udongo."

Alipoulainisha hadi ekseli ikazama, akatangaza kwamba trekta imekosa uzito tu. Akina mama wenzake Gladys wa kikundi chao walikuwa wamekuja kutazama. Akawaomba wapande wakae juu ya madigadi, vile vifuniko vya tairi. Wakapanda wote, wakaanzisha wimbo. Mwaringa akakanyaga mafuta. Trekta ikashuka nao taratibu, wimbo ukiendelea, hata Gladys aliyesimama kando akawa anawatazama kutoka juu.

Kabibi alikwenda kumwita Thuku, jirani mwenye trekta isiyo na boneti, kiti chake gunia, lakini tairi zake zina meno kama mamba. Thuku alijikaza asicheke mpaka mnyororo ulipofungwa. Mwaringa akavutwa mpaka barabarani, ameshika usukani kwa mikono miwili, uso mkavu kama mtu anayejiendesha mwenyewe.

Safari ya pili kwa Salmin, Kabibi ndiye aliyezungumza. Salmin alikubali kubadilisha, mradi zile laini zirudi safi, na Mwaringa akashinda uani akizisugua kwa mswaki, jino baada ya jino.

Tairi mpya zinamtikisa vibaya kwenye lami. "Hamjambo" yake hutoka vipande vipande. Ila shamba la Gladys alilimaliza bila kukwama, kisha akaenda na sepetu kufukia lile shimo alimokwama, lililokuwa limejaa maji ya mvua. Gladys akamzuia. Bata wake walikwisha kuingia humo wakiogelea.

"Liache, baba," alimwambia. "Hii ndiyo kazi yako niliyoipenda zaidi."