Sumu Waliyoitafuta Jikoni

Mpaka leo, nikisikia muntu anasema "bibi yake njo alimuwekea sumu", damu inanichemuka. Dada yangu mukubwa walimufukuza kwa jina hilo, kule juu ya Mushaki, wakati wa Wabelgiji, na watoto wake wakabakia kwa mama mukwe. Na sumu yenyewe ilikuwa ndani ya mufuko wa shati ya bwana yake. Wote tuliiona!

Shemeji alikuwa shoferi wa kamio, lori ya patro mumoja, muzungu mwenye mashamba ya pareto. Muntu mupole, mwenye kupenda chakula na usingizi: akimaliza sahani ya viazi na maharagwe, unamusikia anakoroma. Wakati wa mavuno patro alitaka kamio ishuke Goma na kupanda tena bila kupumuzika. Akamupa kichupa cha vinini vidogo vyeupe vya kufukuza usingizi. Shemeji alituonyesha kwa majivuno: "Hii iko dawa ya wazungu wenyewe. Hata askari wao waliimeza mu vita." Tukafurahi naye, wajinga tulivyokuwa.

Nilikuwa nakaa kwao, nasaidia dada kulima na kulea watoto. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalijaa nyumba ile. Shemeji aliacha kulala. Aliacha kula, mashavu yakaingia ndani. Alifungua kinga, baiskeli yake, vipande vipande, akasugua kila chuma toka asubuhi mpaka jua kuzama, na hakuirudisha tena ikawa kinga. Meno yalisagana hata akiwa amenyamaza. Na kuongea, Mungu wangu, kama mvua juu ya mabati! Halafu akaanza kujikuna mikono mpaka damu, eti wadudu wanatembea chini ya ngozi. Katekista alipomusikia anaomba bila kukata pumuzi, akatangaza kanisani kama Roho amemushukia. Roho gani? Roho wa kumukataza muntu kula?

Sasa wajukuu wananiambia vinini vya namna ile viko na jina, metamfetamini, na dalili zake wanazifundishwa. Sisi, dalili zote tulikuwa nazo mbele ya macho, tukaziita bidii, tukaziita Roho. Ile ya mwisho, hofu ya kuuawa, tukaiita sumu.

Kwetu wafugaji, mwenye kukupa maziwa anaonja kwanza, uone kama hayana kitu. Dada alionja kila mara. Siku moja, mbele ya mama yake, shemeji akasukuma kibuyu: "Umekwisha kunywa dawa ya kujikinga. Unataka kuniua."

Jamaa yote ikaitwa. Dada akawauliza, "Na vile vinini anavyomeza?" Baba mudogo wa shemeji akacheka. "Dawa ya muzungu inaweza kuwa sumu? Sumu inatoka jikoni, mama." Yule muzee! Basi wakamunywesha shemeji majani ya kutapisha, mugonjwa asiyekuwa na chakula tumboni, na dada wakamuonyesha njia. Tulitembea mpaka kwa baba yetu, Nyamitaba, na njia yote alikuwa anageuka nyuma kusikiliza kama watoto wanalia.

Mavuno yakaisha, patro akaacha kugawa vinini. Shemeji akalala kama gogo, akaamuka anaomba chakula. "Munaona? Sumu imetoka pamoja na bibi!" Neno likafika mpaka kwetu. Hata baba yetu mwenyewe akaanza kuchelewa kupokea sahani mikononi mwa dada. Hilo sikumusamehe, na amekwisha kufa.

Mavuno mengine yakafika, na vinini vikarudi. Shemeji akaanza tena kusaga meno na kujikuna. Bibi hayuko, sasa nani? Aka! Walichimba sakafu ya jikoni, wakitafuta kitu alichozika! Hawakupata hata mufupa wa kuku. Walielewa kama dada hakuwa na kosa siku shemeji alipomupiga mama yake mukono, maziwa yakamwangika, akasema yeye pia anamuua. Patro, alipoona shoferi ameacha kamio mu njia na kukimbilia porini, akamufukuza na kutafuta mwingine. Pole hakusema.

Mama mukwe akaja Nyamitaba, amefunga kitambaa kama muntu wa kilio. "Binti yangu, tulikukosea. Urudi." Dada alichukua tu nguo yake akamufuata, sababu ya watoto, na mimi nikaenda naye.

Tulikuta watoto jikoni. Binti yake alikuwa amerefuka. Dada akachukua kiazi cha moto, akakimenya kwa vidole akikipuliza, akamupa. Mutoto akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Halafu akamuangalia nyanya yake, kumuuliza kwa macho kama anaweza kula.